Nafasi moja, wachezaji watatu: nani aanze wiki hii?

Swali, kutoka kwa msomaji wa Umoja, Nairobi: Mtaalamu, salamu. Nacheza Fantasy Premier League (FPL), ule mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani, na wenzangu wa kazini. Kikosi changu si kibaya, ila kila wiki pointi zinabaki benchi. Wikendi iliyopita niliacha 23 huko. Wiki hii kumi wangu wameshakaa: kipa, mabeki watatu, viungo wanne na mastraika wawili. Nafasi ya kumi na moja ndiyo inayoninyima usingizi. Nina winga wa timu kubwa anayerudi kutoka jeraha la wiki kadhaa, programu imemwekea alama ya manjano ya asilimia 75 kwamba atapatikana. Nina straika wa bei nafuu wa timu ya katikati ya jedwali, yuko nyumbani, lakini hajafunga mechi nne. Na nina beki wa kati wa timu ya mkiani anayekwenda ugenini kwa timu ngumu. Kiongozi wa ligi yetu amenitangulia kwa pointi 41. Nianzishe nani? Na mtu huamuaje mambo haya kila wiki bila kubahatisha?

Jibu: Ndugu yangu, nashukuru kwa swali lililokamilika namna hii. Wengi huniuliza "nimchezeshe nani?" bila kunitajia benchi, na benchi ni nusu ya jibu.

Nianze na uamuzi wenyewe. Anzisha straika. Beki wa kati awe wa kwanza kwenye benchi, winga awe wa pili, na beki wako wa tano aliyebaki awe wa mwisho. Kuna hali mbili tu zinazoweza kunifanya nibadili mpango huo: moja inamhusu straika, nyingine winga. Nitazifikia.

Kabla ya hapo, hizo pointi 23. Najua zinauma, hasa Jumatatu asubuhi ukifungua kikundi cha WhatsApp na kukuta wenzako wamezitangaza. Lakini pointi zilizobaki benchi hazithibitishi kwamba uliamua vibaya. Msimu wa 2022/23 Erling Haaland wa Manchester City alifunga mabao 36 ya ligi, na theluthi nzima ya mabao hayo ilitoka kwenye mechi nne tu: hat-trick, yaani mabao matatu katika mechi moja, dhidi ya Crystal Palace, Nottingham Forest, Manchester United na Wolves, zote uwanjani Etihad. Ile ya Palace ilikuwa Jumamosi, na ya Forest ikafuata Jumatano. Aliyemweka benchi Jumatano ile kwa hofu ya uchovu alikuwa na sababu inayoeleweka, na bado aliumia. Ikiwa mabao ya mfungaji wa kiwango hicho huja kwa mafungu namna ile, ya huyo wako wa pauni milioni tano yatakuja kwa mafungu zaidi. Huwezi kujua wiki ya fungu. Unachoweza kukijua, karibu na uhakika, ni nani atakuwa uwanjani na kwa muda gani, na hapo ndipo akili yako inapopaswa kwenda kwanza.

Dakika zina uzito kuliko jina, kuliko rangi ya ugumu wa ratiba, kuliko bei. Mchezaji akifikisha dakika 60 anapata pointi 2. Akitoka kabla ya hapo anapata 1. Beki na kipa hawapati zile pointi 4 za kutoruhusu bao bila kufikisha 60, na kiungo hapati ile 1 yake. Winga anayetolewa dakika ya 58 timu ikiongoza mbili bila amekupotezea pointi mbili kwa dakika mbili. Kwa hiyo ukikaa na kikosi chako Alhamisi usiku, pitia mechi tatu za mwisho za kila mchezaji unayemshuku: alianza? Alitoka dakika ya ngapi? Aliyeingia badala yake alifanya vizuri? Kisha tazama katikati ya wiki. Timu iliyocheza Ligi ya Mabingwa Jumatano usiku na inarudi uwanjani Jumamosi mchana ina kila sababu ya kuwapumzisha mawinga. Wote waliowahi kumiliki mawinga wa Pep Guardiola pale Manchester City wanalijua hili vizuri. Baada ya mapumziko ya mechi za kimataifa, ongeza swali jingine: Mbrazili au Muargentina wako alicheza Jumanne usiku huko Amerika Kusini? Kama ndivyo, atafika Uingereza Alhamisi amechoka, na mechi ya mapema ya Jumamosi ndiyo ya hatari zaidi kwake. Kadi nazo usizisahau: za manjano tano ndani ya mechi 19 za kwanza humfungia mtu mechi moja.

Sasa winga wako. Ile asilimia 75 huwa inasomwa vibaya. Inazungumzia uwezekano wa mchezaji kupatikana kwa mechi. Haisemi lolote kuhusu kuanza. Alama ileile ya manjano inaweza kubeba visa viwili visivyofanana hata kidogo. Kisa cha kwanza: mchezaji aliyekuwa akianza kila wiki amegongwa Jumapili, akakosa mazoezi ya Jumatano. Huyo ama anaanza kama kawaida ama hachezi kabisa. Kisa cha pili: mchezaji anayerudi baada ya wiki kadhaa nje. Huyo kocha humwingiza taratibu, dakika kumi na tano leo, nusu saa wiki ijayo. Winga wako yuko kwenye kisa cha pili.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa sababu ya jinsi mfumo unavyobadilisha wachezaji. Mchezaji wako asipogusa uwanja kabisa, benchi linaingia lenyewe. Akiingia hata dakika ya 89, amehesabiwa kwamba kacheza. Unabaki na pointi 1, na mtu wako wa benchi aliyefunga mabao mawili anakuangalia tu. Kwa meneja wa FPL, mchezaji aliyekosa mechi nzima ana nafuu kuliko aliyeingia mwishoni.

Tufanye hesabu pamoja, kwa namba za kukadiria ambazo unaweza kuzibadilisha upendavyo. Tuseme straika wako anatarajiwa kukupa pointi 3.5 kwa mechi kama hii. Chukua winga wa kisa cha kwanza, yule aliyegongwa: nafasi ya kuanza asilimia 60, ya kuingia mwishoni 15, ya kukosa kabisa 25. Akianza mpe pointi 6, akiingia mwishoni 1.5, na akikosa kabisa straika anaingia na 3.5 zake. Zidisha na ujumlishe: 3.6, jumlisha 0.2, jumlisha 0.9, unapata kama 4.7. Huyo mwanzishe bila wasiwasi, maana straika yuko nyuma yake kama bima. Sasa winga wa kisa cha pili, wa kwako: kuanza asilimia 35, kuingia mwishoni 50, kukosa 15. Hata akianza atatolewa mapema, kwa hiyo mpe 5. Unapata 1.75, 0.75 na 0.5, yaani 3 kamili. Iko chini ya 3.5 za straika. Wachezaji wawili wa ubora uleule, alama ileile ya manjano, na majibu mawili tofauti.

Ukitoka na kitu kimoja katika barua hii, kiwe hicho. Kabla ya kumwanzisha mwenye alama ya manjano, jiulize kama hatari yake ni kukosa mechi au ni kuingia mwishoni.

Na hapo ndipo mpangilio wa benchi unapoanza kuwa na maana. Mameneja wengi hapa mjini hulipanga kwa dakika ya mwisho wakiwa wamesimama kwenye matatu, halafu wanashangaa. Mfumo unapita benchi kwa mpangilio wako na kumchukua wa kwanza aliyecheza, mradi kikosi kinabaki halali: kipa mmoja, mabeki wasiopungua watatu, viungo wasiopungua wawili, straika angalau mmoja. Kipa hubadilishwa kwa kipa tu. Wewe ukianza na mabeki watatu, na mmoja wao asicheze, mfumo utamruka mchezaji yeyote wa mbele na kwenda kwa beki wa kwanza atakayemkuta. Ndiyo maana sijali sana beki wako wa tano kukaa mwisho. Beki wa kati ameshaifunika hiyo kazi. Ninachojali ni kwamba wa kwanza awe mtu ambaye kucheza kwake hakuna shaka. Nafasi hiyo si ya mwenye kipaji kikubwa anayerudi kutoka hospitalini.

Tuje kwa huyo beki, kwa sababu nadhani umemdharau. Kabla ya msimu wa 2025/26 ningekuambia beki wa timu ya mkiani akiwa ugenini kwa timu kubwa hana kazi kwako. Siku hizi beki akifikisha vitendo 10 vya ulinzi katika mechi moja (kuondosha mipira, kuzuia mashuti, kukatiza pasi, kunyang'anya) anapata pointi 2. Viungo na mastraika wanahitaji 12, ila wao huhesabiwa pia mipira waliyoiokota. Sasa fikiria ni nani huondosha mipira mingi kwa kichwa: ni beki wa kati wa timu iliyobanwa kwenye eneo lake dakika 90, krosi zikimiminika. Timu kubwa ikimiliki mpira muda wote, mabeki wake hawana cha kuondosha. Huyu wako anaweza kufungwa bao moja na bado akaondoka na 4: mbili za dakika, mbili za kazi.

Ratiba ngumu nayo inaogopesha kuliko hesabu yake. Tuseme nyumbani kwa timu dhaifu nafasi ya kutofungwa ni asilimia 40, na ugenini kwa timu ngumu ni 15. Kwa pointi 4 hiyo ni 1.6 dhidi ya 0.6. Tofauti ni pointi moja tu kwa wastani. Zile rangi nyekundu za ugumu wa ratiba hukufanya uone shimo kubwa mahali penye ngazi moja. Kinachomvuta chini kweli ni kipigo kizito, kwa kuwa kila mabao mawili yanayoingia yanamtoa pointi 1. Akifungwa manne amepoteza 2, ingawa siku kama hiyo mara nyingi ameondosha mipira ya kutosha kuzirudisha. Kwa hiyo namkadiria kama 3. Karibu na straika, chini kidogo, na dakika zake zote 90 ziko salama.

Straika hajafunga mechi nne. Swali langu kwako ni: alikuwa anakosa, au hakuwa anafika? Hayo ni mambo mawili. Ukurasa wa takwimu wa FPL unaonyesha mabao yanayotarajiwa, yaani xG, kwa kila mchezaji. Jumlisha ya mechi zake nne. Kama alipaswa kuwa na bao moja na nusu au mawili kwa nafasi alizozipata, anakosa bahati tu, na mameneja wenye pupa wameshamuuza. Kama jumla haifiki hata nusu bao, basi timu haimfikishii mpira, na hapo hata mimi ningemwanzisha beki. Tazama pia nani anapiga penalti. Penalti moja ni zaidi ya robo tatu ya bao, na straika wa kawaida mwenye penalti hupita straika mzuri asiye nazo. Safu ile ya "form" usiitegemee sana. Ni wastani wa pointi za siku 30 zilizopita, inakuambia kilichokwisha tokea.

Najua kuna jaribu lingine, na Nairobi tunalo sana: ushabiki. Nusu ya jiji ni Arsenal, nusu nyingine Manchester United, wengine wametawanyika. Kumwanzisha mchezaji wa timu yako si kosa. Kumwanzisha kwa sababu hutaki kuona akifunga akiwa kwenye benchi lako ndiko kunakokugharimu, maana hapo umeacha kuhesabu. Na ukishahesabu, acha kugusa. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kati ya straika wa 3.5 na beki wa 3 hakuna uamuzi wa kukesha nao.

Usiku wa kukesha uwe wa nahodha. Pointi zake zinazidishwa mara mbili, kwa hiyo kosa la hapo ni kubwa kuliko la nafasi ya kumi na moja. Mohamed Salah alimaliza msimu wa 2024/25 na pointi 344, rekodi ya mchezo huu, kwa mabao 29 na pasi za mabao 18. Waliompa unahodha wiki baada ya wiki bila kutafuta ujanja walivuna kuliko waliokuwa wakirukaruka. Nahodha awe mpiga penalti au mshambuliaji mkuu wa timu inayotarajiwa kufunga mengi, mwenye dakika 90 zake. Naibu wake acheze mechi nyingine kabisa, tena awe na uhakika wa kucheza, kwa sababu anachukua nafasi pale tu nahodha anapokosa mechi nzima. Huko pia lile la kuingia dakika ya 89 linauma: nahodha akicheza dakika moja, naibu hapati chochote.

Kuhusu pointi 41. Mechi zikiwa bado nyingi, pengo hilo lisibadilishe hata jina moja. Endelea kuchukua mwenye wastani mkubwa, kwa sababu nahodha mmoja mwenye hat-trick anaweza kulifuta nusu yake kwa wikendi moja. Zikibaki wiki nne au tano, hapo mambo yanageuka. Fungua kikosi cha kiongozi wenu cha wiki iliyopita, maana cha wiki hii hutakiona mpaka makataa, yaani mwisho wa kubadilisha kikosi, yapite, na uhesabu mnafanana kwa wangapi. Mkifanana kwa tisa, hutamfikia kamwe hata ukipata 80, maana naye atapata 76. Wakati huo winga anayerudi, ambaye yeye hana, anakuwa na thamani aliyokosa leo. Usihangaike na umiliki wa dunia nzima. Wapinzani wako ni hao wa ofisini. Mchezaji anayemilikiwa na mameneja asilimia 5 duniani anaweza kuwa kwenye vikosi sita kati ya kumi vya ofisi yenu, kwa vile mnasikiliza ushauri uleule chakula cha mchana.

Nikugusie pia saa, kwa kuwa mameneja wa hapa hupoteza wiki nzima kwa sababu hiyo. Makataa ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa sita na nusu ya mchana kwa saa za Uingereza, makataa kwetu ni saa saba mchana, lakini hiyo ni mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Waingereza wakirudisha saa zao nyuma, kwetu inakuwa saa nane, na inabaki hivyo hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Raundi ikianza Ijumaa usiku, makataa huangukia saa mbili na nusu au saa tatu na nusu, wakati uko kwenye foleni ya Jogoo Road na simu ina chaji ya mwisho. Andaa kikosi asubuhi ya Ijumaa hiyo, kisha ubakize jicho moja kwa habari. Kusubiri orodha rasmi za vikosi hakukusaidii, kwani hutoka makataa yakiwa yamepita.

Sasa ile hali ya winga niliyoahidi. Makocha huzungumza na wanahabari Alhamisi au Ijumaa. Msikilize kocha wa winga wako. Akisema amefanya mazoezi na kikosi wiki nzima na yuko tayari kuanza, na timu haikucheza katikati ya wiki, basi badilisha: winga aanze, straika awe wa kwanza benchi, beki wa kati wa pili. Akisema "tutaona", au "hatutaki kumharakisha", au akitaja dakika chache, acha nilivyokupangia mwanzo. Kocha asipomtaja kabisa, hesabu hiyo kama "tutaona".

Ukishamaliza kupanga, bonyeza kitufe cha kuhifadhi kikosi, funga programu, kisha uifungue upya uone kama straika yuko juu na beki wa kati ana namba moja kwenye benchi. Intaneti ikikatika katikati, mabadiliko hayahifadhiki, na makataa yakipita utabaki na kikosi cha wiki iliyopita.